Nyumba ya Sita: Maradhi, Madeni na Maadui katika Unajimu wa Kihindi

Nyumba ya sita ni sehemu ya chati ya kuzaliwa ambayo wanajimu wa Kihindi huisoma wanapotafuta maradhi, madeni na maadui wa mtu. Kesi za mahakamani, wizi na ushindani wa kibiashara vimo humo, na utumishi pia, yaani kazi ya kila siku ya kumtumikia mwingine. Katika mwili, nyumba hii hushika tumbo la chini na matumbo.

Ili kuipata, mnajimu huanza na burji iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipozaliwa. Hiyo huitwa lagna, nayo ndiyo nyumba ya kwanza. Hubadilika takriban kila baada ya saa mbili, ndiyo maana saa ya kuzaliwa huulizwa kwa msisitizo. Burji zinazofuata huhesabiwa kwa zamu. Aliyezaliwa Kondoo ikichomoza, nyumba yake ya sita ni Mashuke, na mtawala wake ni Utaridi. Aliyezaliwa Nge ikichomoza, ya sita ni Kondoo, burji ya Mirihi. Na kwa kuwa Mirihi huitawala Nge pia, sayari moja inamsimamia yeye mwenyewe na maadui zake. Wanajimu wengi humsomea mtu huyo kwamba sehemu ya matatizo yake huyazua mwenyewe.

Hata mjomba husomwa hapa. Mama yuko nyumba ya nne, na ndugu hutazamwa katika nyumba ya tatu. Ukihesabu tatu kuanzia ile ya nne, unafika ya sita.

Utamu wa elimu hii uko kwenye uainishaji wake. Nyumba ya sita imewekwa pamoja na ya nane na ya kumi na mbili katika kundi la nyumba za taabu, dusthana. Wakati huohuo imo katika kundi la upachaya, pamoja na ya tatu, ya kumi na ya kumi na moja, ambazo hutengemaa kadiri umri unavyosonga na mtu anavyojituma. Kwa hiyo sayari zinazoogopwa, kama Mirihi na Zohali, hukaribishwa humo: ukali wao huhesabiwa kuwa nguvu ya kuwashinda wapinzani na kuvumilia kazi ngumu. Mtawala wa nyumba ya sita naye akikaa katika mojawapo ya nyumba tatu za taabu, hutabiriwa ushindi unaotokana na shida, uitwao Harsha. Fikra hiyo ni nzito na ya kiutu: nyumba ya maradhi na madeni haikufanywa hukumu, imefanywa uwanja wa mapambano.

Ubora wa fikra, hata hivyo, si ushahidi wa utabiri. Mwaka 2008 mwanafizikia Jayant Narlikar na wenzake waliwapima wanajimu 27 huko Maharashtra, India. Kila mmoja alipewa chati 40 atenganishe za wanafunzi hodari na za watoto wenye ulemavu wa akili. Kwa wastani walipatia asilimia 46, chini ya anayebahatisha kwa kurusha sarafu. Mwenye maumivu ya tumbo na aende hospitali, vyovyote chati yake itakavyosomwa.