Runinga Hutoa Jina, Klabu Hutoa Riziki

Felix Odiwuor, tunayemjua kama Jalang'o, alipata umaarufu katika Papa Shirandula, kipindi kilichoanza Citizen TV mwaka 2007. Jina hilo likamfungulia milango ya redio na ushereheshaji, na mwaka 2022 akachaguliwa kuwa mbunge wa Lang'ata.

Wengi hawafiki huko. Kipindi kikisimama, malipo nayo husimama. Ndipo mwigizaji huanza kuzunguka miji kama Kitale, penye fedha za mavuno ya mahindi, na Bungoma, yanakopita malori yatokayo Mombasa kwenda Malaba. Mwenye klabu hununua jina: bango hubandikwa, mgeni hupanda jukwaani, huchekesha watu na kupigwa nao picha. Hulipwa kwa usiku huo tu.

Udhaifu wa riziki hiyo ulionekana Machi 2020, baa zilipofungwa kwa sababu ya Korona hadi mwishoni mwa Septemba.

Kijana wa Pwani anayeota runinga aulize mapema, kabla ya kutia sahihi: kipindi kikirudiwa, nitalipwa nini? Jina bila mkataba ni dau bila nanga.