Sokoni Kariakoo, ubongo hukisia kwanza

Msomaji mmoja anayesoma uhasibu katika chuo kilicho karibu na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ameniandikia kuhusu mwenzake wa darasani. Kijana huyo hufunga mizania kabla ya wote, lakini feni ya darasani ikianza kugonga anatoka nje, na siku ukumbi ukibadilishwa ghafla anashindwa kuandika hata mstari. Wengine wanamwona ana dharau. Msomaji wangu anataka kujua kwa nini kelele ambazo darasa zima limezizoea, huyu mmoja hazizoei.

Swali hili ni zuri kuliko maadhimisho mengi. Siku hizi kila Machi huwa na wiki ya kimataifa ya kusherehekea tofauti za kiutendaji za ubongo. Aliyeianzisha mwaka 2018 ni Siena Castellon, wakati huo msichana wa shule Uingereza mwenye usonji. Vyuo vingi duniani hutundika mabango wiki hiyo. Bango halitamsaidia kijana wa uhasibu mpaka tuelewe nini kinatokea kati ya sikio lake na uamuzi wake wa kutoka nje.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mwaka 1998 mwanasosholojia wa Australia, Judy Singer, aliandika tasnifu iliyosaidia kueneza wazo lililokuwa likikua miongoni mwa watu wenye usonji wenyewe: kwamba akili za binadamu zinatofautiana kama viumbe wa msitu wanavyotofautiana, na kwamba tofauti hizo ni sehemu ya uhai wetu. Kwetu wapo wanaosema "utofauti wa neva", lakini mimi naona neva hapo inanuka hospitali. Kwa kuwa tayari tuna bayoanuwai, na wazo lenyewe lilizaliwa kwa kuiga bayoanuwai, nitasema anuwai ya ubongo. Ndani yake wamo wenye usonji, wenye disleksia ambao herufi huwachosha, na wale ambao umakini wao hauji kwa amri. Dalili zao zimeandikwa mara nyingi. Mimi nakimbilia kelele.

Ukishuka Mtaa wa Msimbazi, pale Kariakoo, saa nne asubuhi unapokelewa na vipaza sauti vinavyorudia bei, honi za bodaboda, makondakta, makuli wanaoomba njia na jenereta la duka la simu. Baada ya dakika chache husikii tena nusu yake. Masikio hayajaziba, mawimbi yote bado yanaingia. Kilichobadilika ni kwamba ubongo umeshajua kitakachofuata, na kinachojulikana hakitangazwi.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Finland, Risto Näätänen, na wenzake walieleza jambo hili kwa vipimo vya umeme wa ubongo. Mtu anasikilizishwa mlio uleule, tena na tena, kisha unapenyezwa mlio mmoja ulio tofauti kidogo. Chini ya robo ya sekunde baadaye ubongo unatoa wimbi dogo la kushtuka, hata kama mtu mwenyewe anasoma kitabu na hajali milio hiyo. Ili ushtuke ni lazima uwe ulikuwa unatazamia kitu. Kumbe ubongo hausubiri sauti ifike ndipo uielewe. Unatangulia kuikisia, kisha unalinganisha. Hata nyaya zake zimepangwa hivyo: katika talamasi, kituo kinachopokea habari kutoka machoni na masikioni, nyuzi zinazoshuka kutoka gamba la ubongo ni nyingi kuliko zinazopanda kwenda huko. Kwa nadharia hii, makisio yanashuka, na kinachopanda ni tofauti kati ya makisio na hali halisi.

Chukua duka la jumla la vitenge pale Mtaa wa Kongo. Tajiri amekaa ghorofani na daftari la oda. Mlangoni yupo karani anayepokea marobota kutoka kwa makuli. Tajiri hana haja ya kushuka kutazama kila robota, kwa sababu amekwisha kumpa karani orodha ya yanayotarajiwa. Yakilingana, karani ananyamaza na mzigo unaingia stoo. Kukitokea robota la khanga katikati ya vitenge, karani anapanda ngazi kutoa taarifa, na tajiri anarekebisha daftari ili kesho asishtuke tena. Siku nzima mizigo mamia inapita, na ngazi inakanyagwa mara chache tu.

Sasa uliza: tofauti ya kiasi gani inastahili kupandiwa ngazi? Robota lililochanika pembeni? Rangi iliyopauka kidogo? Tajiri wa kwanza anasema hayo ni madogo, yaache. Tajiri wa pili anasema niletee kila kitu. Duka la pili halina hitilafu, lina kanuni nyingine. Karani wake anapanda na kushuka tangu asubuhi, na kufika adhuhuri tajiri amechoka kwa taarifa. Lakini ni yeye atakayegundua kwamba vitenge vya mwezi huu vimepungua pande mbili katika kila robota, jambo ambalo jirani yake atalijua hasara ikishaingia. Na kuna la tatu, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: tajiri anayeletewa kila tofauti huanza kuamini kwamba wenye viwanda hawatabiriki. Daftari lake halitulii. Kwake kila mzigo unaweza kuja na jipya, hivyo badiliko kubwa la kweli halimshangazi zaidi ya dogo.

Hilo la tatu limepimwa. Mwaka 2017 Rebecca Lawson na wenzake wa London walitangaza jaribio ambamo watu wazima walisikia mlio wa juu au wa chini, kisha wakaonyeshwa picha ya uso au ya nyumba. Mlio ulidokeza picha ipi inakuja, ila uhusiano huo ulibadilishwa kila baada ya muda. Watafiti walipima kasi ya majibu na upanukaji wa mboni za macho, kwa kuwa mboni hutanuka tunaposhangaa. Kwa wasio na usonji, lisilotarajiwa lilijitenga waziwazi na linalotarajiwa. Kwa wenye usonji pengo hilo lilikuwa dogo: walichukulia kwamba ulimwengu hubadilika wakati wowote. Kundi lilikuwa dogo na nadharia ina wapinzani, lakini picha inayojitokeza inamfaa sana kijana wetu. Feni inayogonga, kwake, ni habari mpya kila inapogonga.

Mwaka huohuo Anna Remington na Jake Fairnie, pia wa London, walionyesha faida ya kanuni hiyo. Waliwapa watu kazi ya kufuatilia mazungumzo yaliyorekodiwa, na humo wakapenyeza mwanamume anayejitangaza kuwa yeye ni sokwe. Karibu nusu ya wenye usonji walimsikia. Kwa wengine waliomsikia walikuwa wachache mno. Na kazi waliyopewa hawakuiharibu. Anayekusanya zaidi si lazima awe anakosa umakini. Kwa mhasibu, mkaguzi au mtaalamu wa maabara, sikio na jicho la namna hii ni mtaji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takribani mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Huku kwetu wamo, na wanakuja vyuoni. Katika shule za Uhuru Mchanganyiko na Msimbazi Mseto, watoto wenye ulemavu mbalimbali husoma katika shule moja na wenzao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Elimu ya juu ya nchi hii yenyewe ilianzia katikati ya kelele hizi: Oktoba 1961 chuo kikuu kilifungua milango Mtaa wa Lumumba, katika jengo la chama cha TANU, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani penye miti. Vyuo vilivyobaki mjini, DIT, CBE, IFM na Muhimbili kule Upanga, havina mlima wa kukimbilia.

Lakini kama tatizo ni tofauti nyingi zinazopanda ngazi, dawa yake ni kuzipunguza zisizo na maana. Ukumbi ukibadilika, tangazo litoke siku moja kabla, kwa maandishi. Feni irekebishwe na taa inayopepesa ibadilishwe. Mtihani uwe na chumba kidogo cha utulivu, na anayetaka kuvaa vizuia kelele aruhusiwe. Maelekezo ya kazi yaandikwe, yasitamkwe tu mlangoni. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili, na kila moja litawafaa pia wanafunzi mia ambao hawana jina lolote la kitaalamu. Kijana wa uhasibu hahitaji kufundishwa kuvumilia feni. Anahitaji chuo kinachotabirika, ili nguvu anayoitumia kupambana na darasa aitumie kwenye hesabu.