Kisanduku kati ya simu na ampli

Mpenzi wa muziki anayeishi Kasongo au Kabambare, mashariki mwa Kongo, anaweza kujikuta na vitu viwili visivyoelewana: simu au kompyuta iliyojaa nyimbo, na ampli ya mtumba yenye tundu la kidijitali la koaksi. Kompyuta haina koaksi, ampli haina USB. Kibadilishaji cha kuvipatanisha ni kisanduku cha kuenea kiganjani, lakini kukichagua kuna mitego.

Mtego wa kwanza ni mwelekeo. Vipo visanduku vinavyofanana nacho vinavyopokea koaksi na kutoa sauti ya kawaida kwa waya mwekundu na mweupe, yaani kazi ya kinyume. Hakikisha USB inaingia na koaksi inatoka. Tundu la koaksi lina umbo lile lile la RCA, hivyo waya wake huingia bila ubishi kwenye tundu jekundu la ampli, ukatoa kelele au kimya. Kwa anayekaa jirani na duka, kosa hili ni la kurudisha kitu. Kwa mtu wa Kabambare ni safari ya pikipiki kwenye matope, na kumbukumbu ya muuzaji ina tabia ya kufupika njiani.

Umeme ndio unaostahili kuulizwa zaidi. Nyumba nyingi huku hutegemea paneli za jua na jenereta. Batri ya volti 12 hupitia inveta hadi volti 220, kisha chaja ya kompyuta huushusha tena umeme huo huo. Inveta za bei ndogo hutoa wimbi lililokatwakatwa, na kelele yake hufuata waya wa ardhi wa USB, ikapita kwenye ganda la waya wa koaksi hadi kwenye ampli. Tarakimu zenyewe hufika salama. Mngurumo nao hufika salama vilevile. Kuna jaribio lisilogharimu kitu: chomoa chaja, kompyuta itumie batri yake. Mngurumo ukikoma, mkosaji ni umeme. Kwa hiyo tafuta kisanduku chenye transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye tundu la koaksi. Ampli ikiwa na tundu la mwanga pia, chukua chenye matundu yote mawili, maana waya wa mwanga haupitishi umeme hata chembe.

Simu ina shida yake. Kisanduku hula umeme wa volti 5 kutoka kwake, na rumba ya jioni moja huweza kuimaliza. Waya wa OTG, ule unaounganisha simu na vifaa vya USB, ukiwa na tawi la kuchajia husaidia, ila ujaribiwe na simu hiyo hiyo kabla ya kulipa, kwa kuwa si kila simu inakubali kuchajiwa huku ikicheza.

Mwendo wa koaksi huongozwa na saa iliyo ndani ya kisanduku, nayo ampli huufuata. Ndiyo maana mtindo wa asinkronasi, ambapo kisanduku chenyewe huiitisha kompyuta data, ni bora kuliko ule wa kukimbizana na kasi ya kompyuta. Waya uwe wa omu 75. Basi.

Namba kubwa za kHz 192 zinazotangazwa kwenye visanduku ghali zisikutie kiwewe. CD ni kHz 44.1 na biti 16, karibu kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 iliyonakiliwa kwenye flashi imebakiza sehemu moja kati ya kumi na moja. Nyimbo za mwanzo za OK Jazz, bendi iliyoanzishwa 1956, zilitoka kwenye sahani za mizunguko 78 kwa dakika, na kisanduku ghali kitaifikisha mikwaruzo yake kwa uaminifu mkubwa. Cha bei ya kati chenye transfoma kinamtosha msikilizaji wa namna hiyo. Fedha ikibaki, iende kwenye bafle, hasa lile ambalo karatasi yake imegundishwa kwa mara ya tatu.