Ndege wa mafunjo wa Ziwa Mweru: mgeni au mwenyeji?

Msafiri atokaye Mansa kuelekea kaskazini, kwa barabara ifuatayo bonde la Mto Luapula, hupita Mwense, kisha Mwansabombwe yaliko makao ya Mwata Kazembe, na mwishowe hufika Nchelenge, katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Hapo hukutana na maji yaliyotanda zaidi ya kilomita za mraba 5,000, ambayo Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinagawana. Katika soko la Kashikishi samaki huanikwa, hupimwa na kupakiwa magarini, na Kiswahili cha watu wa ng'ambo husikika pamoja na Kibemba.

Wengi wanaijua Mweru kwa samaki wake. Ni wachache wanaojua kwamba upande wa kusini wa ziwa hilo, pale Luapula inapoingia kwa matawi mengi katikati ya mafunjo, anaishi ndege ambaye kwa muda mrefu ramani za wataalamu zilimweka mbali kabisa na mahali hapo. Ndege huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia leo, pamoja na kazi ngumu ya kumpiga picha, na sababu ya kazi hiyo kuwa na faida kwa wananchi wa ufuko ule.

NDEGE MWENYEWE

Ni mdogo. Toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia hazidi sentimita 14. Mgongo wake ni wa kijani kilichofifia, tumbo lake ni la manjano, na miguu yake ni myeusi na mikubwa kupita kimo chake, kwani kazi yake ya kutwa ni kushikilia mashina ya mafunjo yaliyosimama wima juu ya maji. Hakai mitini wala mashambani. Makao yake ni mafunjo, na ndani ya mafunjo hupenda kukaa chini, karibu na maji, mahali ambapo jicho la mtu halifiki kwa urahisi. Hapa tutamwita ndege wa manjano wa mafunjo. Wataalamu humwita Calamonastides gracilirostris.

Mtaalamu Mskoti W. R. Ogilvie-Grant alimtangaza mwaka 1906. Makao yake yaliyojulikana zaidi ni mafunjo ya kandokando ya Ziwa Victoria magharibi mwa Kenya, mabwawa ya Uganda, Rwanda na Burundi, na mashariki mwa Kongo. Kutoka huko hadi mdomo wa Luapula ni mwendo wa mamia ya kilomita. Lakini mwaka 1954 Dean Amadon, wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York, alitangaza kwamba jamii ya ndege huyo ipo pia katika mdomo wa Luapula, na kwamba ina tofauti zake ndogo zinazoitenga na ndugu zake wa kaskazini. Aliipa jina la bensoni, kwa heshima ya C. W. Benson, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ndege wa Malawi na Zambia.

Yafaa tutofautishe mambo mawili. Yupo ndege aliyepotea njia: upepo umemsukuma, au ukame umemfukuza kwao, naye huonekana siku chache katika nchi isiyo yake kisha hutoweka. Mwaka 1994, kwa mfano, korongo domo-kiatu, ambaye makao yake ni mabwawa ya Sudan Kusini, Uganda, Kongo, Tanzania magharibi na Bangweulu ya Zambia, alionekana nchini Kenya, mahali asipokaa. Huyo alikuwa mgeni. Lakini ndege wa mdomo wa Luapula hakuletwa na upepo wa juzi. Tofauti zake na ndugu zake zaonyesha kwamba wametengana kwa vizazi vingi sana. Yeye yuko nyumbani kwake, na kosa lilikuwa la ramani.

TOKA BUNDUKI HADI KAMERA

Zamani ushahidi wa ndege ulikuwa ngozi yake. Ndege alipigwa risasi, akachunwa, akajazwa pamba, na mguuni akafungwa cheti kilichoandikwa mahali, tarehe na jina la aliyempata. Bila ya cheti ngozi ilikuwa pambo tu.

Mtu mmoja wa Malawi, Jali Makawa, aliyefanya kazi na Benson kwa miaka mingi, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mwezi Septemba 1964, mwezi mmoja kabla ya Zambia kupata uhuru, Makawa alimpata ndege mmoja mdogo huko Mayau, upande wa Kabompo, kaskazini-magharibi mwa Zambia. Mwaka uliofuata Benson na mwenzake Michael Irwin walimtangaza kuwa ni aina mpya, wakampa jina la makawai. Tangu siku ile hadi leo hakuna aliyempata mwingine wa namna ile. Ngozi hiyo moja imehifadhiwa Tring, Uingereza, na wataalamu wangali wakibishana kama kweli ni aina ya peke yake au ni mwana wa ukoo mwingine aliyezaliwa na manyoya tofauti. Lakini hakuna anayebishana juu ya mahali alipopatikana, kwa sababu neno la Makawa na Benson liliaminika.

Leo kamera imechukua nafasi ya bunduki, na jambo hilo ni la heri, hasa kwa jamii ndogo ya ndege isiyostahimili kupunguzwa. Hata hivyo sharti halikubadilika. Picha isiyo na mahali wala tarehe ya kweli ni sawa na ngozi isiyo na cheti.

CHETI KINAPOSEMA UONGO

Wapo walioandika vyeti vya uongo. Mashuhuri kati yao ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Kings African Rifles, ambaye watu wa Kenya wanamkumbuka kwa jambo jingine: mwezi Oktoba 1905 alimwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa mapatano. Meinertzhagen alisifika pia kuwa bingwa wa ndege, akakusanya maelfu ya ngozi. Alifariki mwaka 1967 akiwa na heshima zake zote. Ilipofika miaka ya 1990 wachunguzi, miongoni mwao Alan Knox, Pamela Rasmussen na Robert Prŷs-Jones, walithibitisha kwamba nyingi ya ngozi hizo aliziiba katika majumba ya makumbusho, kisha akazibandika vyeti vipya vyenye mahali na tarehe za kubuni.

Msomaji asidhani kwamba hilo ni kosa dogo la wasomi. Kule India alikuwapo bundi mdogo wa msituni ambaye hakuwa ameonekana kwa yakini tangu mwaka 1884. Meinertzhagen alidai kumpata mwaka 1914, katika jimbo jingine. Watu wakamtafuta huko wasimwone. Rasmussen alipogundua kwamba ngozi ile ilikuwa ya wizi, yeye na wenzake walikwenda mahali palipotajwa na vyeti vya kweli, na mwezi Novemba 1997 wakamkuta bundi yule akiwa hai, wakampiga picha. Uongo wa mtu mmoja ulikuwa umewapeleka watafutaji mahali pasipo.

Shuleni mwa ukadeti tulifundishwa kwamba taarifa ya mpelelezi sharti ijibu maswali: ameona nini, wapi, saa ngapi, wangapi, nao walikuwa wakifanya nini, na kwamba asichokiona asikiandike. Atoaye taarifa ya uongo huwapeleka wenzake kwenye shimo. Kanuni hiyo yamhusu pia mtu aliyebeba kamera katika mafunjo ya Mweru.

KAZI YA MPIGA PICHA

Hatua ya kwanza haihusu ndege hata kidogo. Mweru ni ziwa la mpakani, na mtu mwenye lenzi ndefu anayenyatia ufukoni alfajiri hawezi kukosa kutiliwa shaka. Yampasa kwanza apige hodi kwa wenye mamlaka wa wilaya na kwa chifu wa eneo, aeleze anachokitafuta, kisha apate mvuvi wa kumwongoza. Wavuvi ndio wanaozijua njia za maji zilizo wazi na zile zilizozibwa na mafunjo, nao hutambua upesi sauti wasiyoizoea.

Tulipoingia mafunjoni kwa mtumbwi tulielewa kwa nini picha za ndege huyu ni adimu. Mafunjo husimama kupita vimo viwili vya mtu. Mwanga hupenya kwa vipande, mtumbwi hautulii, na kila kinachotikisika huenda kikawa ni upepo tu. Asubuhi nzima twaweza kusema tuliyapiga picha mashina kuliko kiumbe chochote chenye mbawa. Funzo tulilolipata ni kwamba mtu aache kufukuza. Asimamishe mtumbwi jua likiwa mgongoni mwake, anyamaze, na aweke kamera katika mwendo wa sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Tena picha yoyote ile haitoshi. Zambia inaye ndege mwingine wa manjano, aliyeenea sehemu nyingi zenye nyasi ndefu na vichaka, ambaye anafanana sana na huyu. Huyo ana utosi mweusi-mweusi na mdomo mpana; wa mafunjo utosi wake hauna giza hilo na mdomo wake ni mwembamba. Kwa hiyo picha ya tumbo la manjano peke yake haithibitishi kitu. Yatakiwa picha ionyeshe utosi, mdomo na miguu, na ifuatwe na picha ya pili inayoonyesha mahali penyewe. Sauti ikinaswa, ni bora zaidi. Picha ya asili ihifadhiwe bila kukatwa wala kupakwa rangi, na taarifa ipelekwe kwa chama cha BirdWatch Zambia, kilichotokana na chama cha wachunguzi wa ndege wa Zambia.

ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO

Huenda msomaji akauliza: mvuvi wa Kashikishi mwenye watoto wa kulisha atafaidi nini kwa picha ya ndege asiyefika uzito wa dagaa wachache? Jibu letu ni kwamba ndege na mvuvi wanategemea mafunjo yale yale. Kenya, Uganda na Rwanda zimeshuhudia mafunjo yakifyekwa, yakichomwa moto na maji yake kukaushwa ili kulima. Ndani ya mafunjo samaki wachanga hupata chakula na maficho. Wananchi wa Mweru hawahitaji kufundishwa subira, kwani katika sehemu nyingi za Zambia uvuvi husimamishwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane.

Siku itakapoletwa mezani mipango ya kufyeka mdomo wa Luapula, watakaohesabiwa ni wale ambao habari zao zimo katika kumbukumbu. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Ndege huyu hana mdomo wa kujitetea mbele ya kamati yoyote. Picha moja ya kweli, yenye tarehe, mahali, na jina la mvuvi aliyeshika kafi, itamhesabu kuwa yupo.