Mgonjwa wa Tumbo, Usimfiche Daktari Hali Yako ya VVU

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 ulionesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 11.3 mkoani Iringa na asilimia 9.3 mkoani Mbeya. Hivyo daktari wa upasuaji anapompokea mgonjwa wa tumbo, ana sababu ya kumuuliza hali yake. Swali hilo si la kumhukumu mtu. Kinga ya mwili inaposhuka, kifua kikuu huweza kushambulia utumbo na kuleta maumivu yanayofanana na ya kidole tumbo. Nao ugonjwa huo, iwapo utumbo haujaziba wala kutoboka, kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi 6 pasipo kisu.

Kuwa na VVU hakumzuii mtu kufanyiwa upasuaji. Hatari kubwa humkabili aliyeacha dawa za kufubaza virusi: kidonda chake huweza kuchelewa kupona au kutunga usaha. Kwa hiyo ukiambiwa ulale bila kula, usiache dawa kimyakimya. Onesha kadi yako ya kliniki, uulize utazimezaje. Kuhusu siri, ambayo ndiyo hofu ya wengi, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma aitunze.