Bima ya Chombo Kilichoundwa Gereji

Fundi wa Newala akiiunganishia pikipiki tela la kubebea korosho, chombo kimebadilika umbo. Yapasa kikaguliwe na kadi irekebishwe. Kutii hapa ni wajibu wa kisheria na wa kidini, kwani breki mbovu huua wapita njia.

Ama bima, Baraza la Fiqhi la Jeddah liliamua mwaka 1985 kuwa bima ya kibiashara ni haramu kwa gharari iliyomo, likaruhusu ya kushirikiana (takaful). Asiyeipata takaful atakata ile ndogo inayolazimishwa na serikali, kwa dharura, asiizidishe. Hata hivyo, bima hulipa fidia tu. Aliyeua kwa uzembe wake bado anadaiwa kafara: kufunga miezi 2 mfululizo. Wallahu aalam.