Kitara Katika Mchezo wa Karata

Kambini na katika vituo vya polisi, karata ni burudani ya zamani. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu askari habari za mchezo mmoja wa karata uliobuniwa ng'ambo, ambao katika mwaka wake wa mwisho kiwandani ulihamishia vita vyake Kampala. Mchezo huo waitwa Netrunner, na fungu la karata tunalolizungumzia lilipewa jina la Kitara, jina la dola ya kale ambayo mapokeo yetu huihusisha na Wachwezi.

Netrunner ulibuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, ukachapishwa mwaka 1996 na kampuni ya Wizards of the Coast. Ni mchezo wa watu wawili, na hadithi yake ni ya karne zijazo. Mmoja huongoza shirika kubwa lenye siri zilizofichwa ndani ya mitambo ya kompyuta. Wa pili ni mvamizi anayeingia kuziiba. Nguvu zao hazifanani. Shirika lina vitendo vitatu katika kila zamu, mvamizi ana vinne. Shirika hulaza karata zake kifudifudi, hata mvamizi asijue kama mbele yake ipo mali au upo mtego. Kinga za ngome ni za aina tatu kubwa: ukuta, lango la siri na mlinzi. Anayetangulia kufikisha pointi 7 za siri hizo ndiye mshindi.

Mwaka huo huo wa 1996 lilitoka fungu la nyongeza liitwalo Proteus, na mwaka 1999 likafuata jingine dogo. Baada ya hapo mchezo ukalala. Mwaka 2012 uliamshwa na kampuni nyingine, Fantasy Flight Games ya jimbo la Minnesota, iliyokodi haki za mchezo kwa wenyewe na kuutia ndani ya hadithi yake yenyewe iitwayo Android. Nyongeza zilitolewa kwa mizunguko ya pakiti 6, kila pakiti ikiwa na karata 60, nazo hazikuwa za bahati nasibu: aliyenunua pakiti alijua atakachokikuta ndani. Mizunguko iliyotangulia iliwapeleka wachezaji mwezini, India na katika sayari ya Mars.

Zamu ya Afrika ilifika mwishoni mwa mwaka 2017. Mzunguko wa Kitara uliendelea hadi mwaka 2018, na baadhi ya pakiti zake zilibeba majina ya kwetu: Down the White Nile, yaani kuteremka Nile Nyeupe, Whispers in Nalubaale, yaani minong'ono ya Nalubaale, ziwa ambalo ramani nyingi huliita Victoria, na ya mwisho, Kampala Ascendent, yaani Kampala inayopanda juu. Jinja na Mwanza nazo zilipewa karata zao.

Askari atakayezisoma karata hizo ataona mambo anayoyafahamu. Ipo kinga iitwayo Mlinzi, kwa Kiswahili hicho hicho kinachosemwa langoni petu. Mlinzi huyo humpa mvamizi hiari chungu: ama ajeruhiwe, ama apoteze karata za akiba yake. Lipo shirika liitwalo Mti Mwekundu, ambalo mara moja katika kila zamu laweza kuweka kinga mpya bila gharama pale mvamizi anapoikaribia ngome akidhani njia ni nyeupe. Hiyo ndiyo kazi ya kikosi cha akiba: hujificha, kisha huingia mahali panapohitajika, saa inapohitajika. Nayo karata ya Mwanza humwongezea mvamizi siri za kutazama, lakini mwenye ngome hulipwa kwa kila karata iliyotazamwa. Adui aliyefunguliwa mlango kwa urahisi yafaa ajiulize ni nani anayefaidika.

Pamoja na hayo yote, ngome ya Kitara ilikuwa na ufa ambao mlinzi wa karata hakuweza kuuziba. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukodi. Mwezi wa Juni 2018, wakati mzunguko huo ungali mpya mikononi mwa wachezaji, Fantasy Flight Games ilitangaza kwamba mkataba wake na Wizards of the Coast hautaendelea. Lilitoka sanduku moja la kuagana, na tarehe 22 Oktoba 2018 mauzo yakakoma. Kitara ukabaki kuwa mzunguko wa mwisho. Wahenga walikwisha kusema: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Lakini wachezaji hawakutawanyika. Mwaka huo huo baadhi yao waliunda kikundi cha kujitolea kilichoitwa NISEI. Walitunga karata mpya, wakaendeleza mashindano, na mwaka 2021 wakatoa fungu la kuanzia la kwao wenyewe, System Gateway. Mwaka 2022 kikundi kilibadili jina kikawa Null Signal Games. Chombo kilichoachwa na wenye mali kiliokolewa na mabaharia.

Kwetu sisi habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza kila askari analijua: ngome husimama kwa watu wanaokubali kuilinda, hata mshahara unapokwisha. La pili lawahusu vijana wetu wenye vipaji. Kampala ya kesho imekwisha kuchorwa, nao waliosimamia kazi hiyo walikaa Minnesota. Walituheshimu kwa kutumia majina yetu na lugha yetu, nasi twawashukuru. Hata hivyo, walipofunga duka, Nalubaale ya karata ilifungwa pamoja nalo. Mchezo utakaobuniwa hapa, na vijana wa hapa, hautangoja mkataba wa mtu mwingine ili uendelee kuishi.